Siku Tano Mpaka Kisenyi, na Pumzi Iliyobaki Mlimani

Ninyi mnaokaa na mimi nje ya msikiti baada ya alasiri mmeniuliza mara nyingi yaliyonipata Kampala, na kila mara nimeanza nikaishia katikati. Sifichi kitu. Nikiufikia ule mlima katika maneno, kifua kinabana hata nikiwa nimekaa mkekani, na ninyi mnaanza kutazamana. Sasa nimenunua daftari, naandika polepole, maana kalamu haitaki pumzi. Shule nilifika darasa la pili, na chuoni nilikimbia fimbo za maalimu kabla sijamaliza juzuu, kwa hiyo mkikuta nimekosea mezeni tu kama dawa. Mambo ya vibali na mihuri ya mpakani nayaruka. Na kurudi kwangu hakuna hadithi: nilirudi kwa lori la ndizi, nimekaa juu ya mikungu, sikusema na mtu.

Yote yaliletwa na yule mama wa samaki wakavu anayevuka mpaka pale Busia kila juma. Alinikuta nafunga kuku akasema, "Mzee Athumani, mdogo wako Rajabu anakuita. Ile ngiri yake imekuwa mbaya."

Rajabu mnamjua, au wazee mnamjua. Tulizaliwa saba tukabaki wawili. Alikuwa fundi wa baiskeli Kisenyi, mtaa ule wa Kampala niliokuwa nafanya kazi mimi zamani, na yeye nilimpeleka mwenyewe. Ngiri alikuwa nayo miaka. Inatoka, anairudisha kwa mkono, anaendelea kukaza spoku. Sasa daktari wa hospitali ya kilimani, upande wa Mengo, alikuwa amemwambia wakate upesi, wakati bado inakubali kurudi, maana siku itakayokwama hapatakuwa na muda. Naye Rajabu akajibu, "Sikatwi mpaka kaka aje."

Hapa lazima nisimame kidogo. Mimi nilipotiwa jandoni, baba aliweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa changu, ndipo ngariba akashika kisu. Zamu ya Rajabu ilipofika, baba alikuwa ameshakufa. Nikauweka mimi, kijana wa ndevu tatu. Rajabu hakulia hata kidogo, na tangu siku ile aliamini kwamba kisu kisicho na mkono wangu juu yake kitamuua. Mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi, ana wajukuu. Mtacheka. Mimi sikucheka, mimi nilijivuna. Niliona raha kwamba kuna mtu duniani ambaye hawezi kukatwa bila mimi. Hilo nalo nimeliandika, lisije likasemwa na wengine.

Nyumbani mpaka Busia

Nilikwenda kwa baiskeli. Upande ule basi zilikuwa zimelala, petroli ilikuwa kitu cha wanajeshi na watu wa magendo, na mimi zamani njia ile nilikuwa naimaliza kwa siku mbili. Nilikuwa mpagazi wa baiskeli, si mchezo. Nilibeba magunia ya chumvi na unga kutoka maduka ya Kisenyi kupandisha Mengo, gunia mbili kwa mara moja, na jioni nacheza mpira.

Nilifunga kilo mbili za sukari na miche ya sabuni kwenye kiti cha nyuma, maana mama wa samaki alisema huko watu wanaogea majivu. Mpaka Busia sikusikia kitu. Njia ni tambarare, nilikuwa napiga mluzi. Hapo ndipo nilipodanganywa. Uzee, jamani, hausemi ukiwa umekaa, wala hausemi barabara ikiwa sawa. Unakuacha ujisifu kwanza.

Pale mpakani wamejaa vijana wanaovusha watu kwa baiskeli. Nilikuwa nakunywa chai na maandazi, mmoja akaitazama baiskeli yangu, akaniuliza, "Mzee, unaipeleka wapi hiyo maiti?"

"Kampala."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mbili! Basi ukifika utusalimie wajukuu utakaozaa njiani."

Nikawaambia wao wanabeba abiria mmoja mwembamba na kuvuka daraja, wanadhani ni kazi. Nikaondoka kwa kukanyaga kwa nguvu, waone mgongo wangu. Nilipokata kona nikapunguza.

Busia mpaka Iganga

Vilima vya huko si vikubwa. Mtu wa gari haoni hata kama ni vilima. Lakini cha kwanza tu, kabla ya Bugiri, kilinishika koo.

Sisi wapagazi wa Kisenyi tulikuwa na sheria moja: mlimani husimami. Ukiwa na mzigo ukasimama, baiskeli inarudi nyuma, gunia linakuangusha, na kuanza upya ni kazi mara mbili. Kwa hiyo unahesabu. Hatua nne unavuta, hatua nne unatoa, mpaka juu. Nilianza kuhesabu vile vile. Nikafika hatua ishirini, nne zikawa mbili. Nikafika thelathini, hesabu yote ikaniacha. Nikawa nahema kama mbwa, mdomo wazi, na hewa yote ile ya Mungu iko pale, shamba zima la hewa, inaingia mpaka kooni halafu ni kama haina kazi. Miguu ikawa mizito si kwa maumivu, ikawa tu haipo.

Nikashuka nikasukuma. Mama mmoja mjamzito, ana debe la maji kichwani, akanipita. Akageuka na lile debe halikutikisika.

"Mzee, imechoka baiskeli au wewe?"

"Baiskeli," nikasema. Neno lilitoka vipande vitatu.

Kwake ndiko nilikolala. Mumewe alikuwa hayupo, sikuuliza, naye hakusema. Kulikuwa na mama mkwe wake, kizee kama mimi, akanipa mihogo na mchuzi wa karanga, chakula kitamu sana, nami nikashindwa kumeza kwa sababu ya kuhema. Macho yalikuwa yanatoa maji. Kizee kikasogeza kigoda karibu, kikaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kikiangalia mlangoni:

"Wamemchukua nani?"

Sikuelewa. "Nani amechukua nini?"

"Wewe nalia, nahema. Nakimbia. Wamemchukua mutoto?"

"Hapana, mama. Ni mlima tu."

Akatazama tena mlangoni. "Sawa," akasema. "Mulima." Akanipapasa mkono, kama mtu anayekubali kutunza siri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchi ile chini ya wanajeshi, watu walichukuliwa usiku hawarudi. Mzee akihema hakuna anayedhani ni uzee.

Asubuhi nilijaribu kuamka, kifua kikakataa, nikalala kwao siku nzima nyingine. Siku mbili zangu zikawa zimekwisha, na Iganga sijaiona. Niliiona siku ya tatu, jua linashuka.

Iganga mpaka Jinja

Siandiki sana hapa. Kwenye kizuizi cha kwanza wanajeshi walichukua sukari. Walisema wanaichunguza. Kwenye kizuizi cha pili walichunguza sabuni. Mmoja akaninusisha mche wangu mwenyewe, akasema, "Nzuri, mzee, nzuri kabisa," kama vile ameniletea yeye.

Pale bwawani Jinja kuna sheria ya kutosimama juu ya daraja. Askari wako pande zote mbili, na mtu anayesimama kutazama maji anaulizwa anatazama nini. Maji yale mimi nilishayaona, sikutaka kuyaona tena, nilitaka tu kushika chuma nipumzike. Haikuwezekana. Nikakanyaga mpaka ng'ambo, nikaegemea mti, nikatapika mihogo niliyokula Iganga.

Dereva wa lori la miwa alisimama. "Panda, baba, tuweke baiskeli juu. Nakwenda mpaka Mukono."

Nikakataa. Wasafiri walikuwa wamenitia hofu kuhusu msitu ulioko mbele, vitu vinavyotupwa humo na magari yanayovitupa. Nikamwangalia dereva yule, uso wa kawaida, mikono ya kazi, nikaona muuaji. Akaondoka anatikisa kichwa. Ningepanda ningefika Kisenyi siku ile ile, ya nne, ngiri ya Rajabu bado inarudi kwa mkono. Nimelihesabu jambo hili kila namna, na jibu ni lile lile. Halafu mvua ikanyesha, nikalala barazani kwa duka la Mhindi lililofungwa, jina limepakwa chokaa likaonekana bado.

Msituni mpaka Kisenyi

Nilianza kabla ya jua. Msitu niliupita bila kuona chochote ila nyani. Mtu mmoja wa mkaa alinivuta kwa kamba sehemu ya njia, baiskeli yake mbele na yangu nyuma, mpaka mkono wake ukachoka. Vilima vya Lugazi na Mukono nilivipanda kwa miguu, nikisukuma. Sasa nilishaelewa kidogo: nikienda polepole sana, kama mtu anayesindikiza mgonjwa, pumzi inatosha. Nikitaka tu kuongeza, hata kidogo, hata hatua kumi za haraka, nadondoka. Zamani nilikuwa na akiba. Nilikuwa naweza kuchota ndani nikakuta bado kuna kitu. Sasa nachota nakuta sakafu ya mtungi.

Lakini kuelewa njiani ni kitu kimoja, na kumwona ndugu yako ni kitu kingine.

Nilifika Kisenyi saa nane mchana, siku ya tano. Magereji yale yamejaa magari yaliyowekwa juu ya mawe. Mlangoni kwa Rajabu walikuwa wamesimama watu wawili: Zaituni mkewe, mwanamke wa Kinubi, mpole, na jirani yao Papa Kasereka, Mkongo anayeshona viatu. Zaituni aliponiona hakunisalimu.

"Shemeji, imekwama," akasema. "Tangu alfajiri. Hairudi."

Rajabu alikuwa amejikunja kitandani, rangi imemtoka. Akafungua macho. "Kaka," akasema, "ulipitia Makka?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo, halafu akang'ata mto.

"Daktari wa kukata yuko mpaka saa kumi na moja," Zaituni akasema. "Baada ya hapo anaondoka, haiwezekani kutembea giza likiingia. Na huyu nimemwambia twende tangu asubuhi. Hataki. Anasema kaka yuko njiani."

"Nimekuja sasa," nikasema. "Twende."

Papa Kasereka akanishika bega. "Tulia kwanza, kaka mukubwa. Nitatafuta batu bane. Tunafunga kipoyi, tunamubeba muzuri." Kipoyi ndiyo machela kwa Wakongo, miti miwili na blanketi, na batu bane ni watu wanne.

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja. Batu banaogopa kutembea pamoja, ni lazima nibabembeleze."

"Saa moja?" nikasema. "Mlima huu mimi nilikuwa naupanda na magunia mawili. Mpaka umpate mtu wako wa pili, sisi tumeshafika."

"Zamani," akasema Kasereka.

"Mlima ni ule ule," nikamjibu.

Ningeweza kumwekea Rajabu mkono palepale na kumwambia kubali kila watakachokufanyia. Ningeweza. Lakini desturi ni mbele ya kisu, na mimi nilitaka kuifanya sawasawa, nimesimama pale juu na daktari ananiona. Tukamkalisha Rajabu kwenye kiti cha nyuma, tukamfunga kwa kanga kiunoni, Zaituni akamshika upande, nikashika usukani.

Kisenyi mpaka mlimani

Si mbali. Mtu mzima wa afya anakwenda anazungumza.

Nilianza kusukuma na kuhesabu nne kwa nne. Nikawaza nitapunguza, kama nilivyojifunza Mukono. Lakini Rajabu alikuwa anatoa sauti nyuma yangu kila tairi lilipogonga jiwe, na kila sauti ilikuwa kama kiboko mgongoni kwangu. Nikaongeza.

"Shemeji, pumzika," Zaituni akasema tulipofika kwenye kona ya kwanza.

"Mlimani hatusimami."

"Uso wako umekuwa wa majivu!"

"Shika mgonjwa wako."

Nadhani hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoweza kusema kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni, halafu ukafika mahali ukagoma kuongeza. Niliusikia ukigoma. Mimi nauchapa, nao unapiga vile vile, hauzidi, kama punda aliyekwisha amua. Kifua kinafunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, miguuni hakifiki kitu. Kona ya pili niliiona nyeusi pembeni na nyeupe katikati. Halafu nikaona mawe karibu sana na jicho langu.

Niliangusha baiskeli na mdogo wangu juu yake. Zaituni alimdaka nusu. Alilia Rajabu, mara moja tu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata jandoni.

Na pale juu ya kona palikuwa na kizuizi.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa mrefu, mdogo kwa umri, alama za kwao kwenye mashavu. Akaniinua kwa kola.

"Wewe nakimbia nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Nauliza. Nani nakukimbiza?"

"Ni mgonjwa, afande!" Zaituni akasema. "Tunampeleka hospitali. Huyu ni kaka yake, amesukuma baiskeli."

"Wewe nyamaza. Mgonjwa ni ile. Hii hapana mgonjwa, hii nahema. Kwa nini nahema?"

Mwenzake akasema, "Asubuhi ile mtu alikimbia gereji, alikuwa na baiskeli."

Nilitikisa kichwa. Nilionyesha mlima kwa kidole. Yule mrefu akautazama mlima, akanitazama mimi. Mlima ule kwake haukuwa kitu, alikuwa na miaka labda ishirini na mbili, alikuwa anaupanda na bunduki akitafuna muwa.

"Hii ndogo?" akasema. "Mtu hawezi kuhema kwa hii."

Akaweka kiganja chake juu ya kifua changu, ndani ya shati. Nasema kweli yote: hakunipiga. Mkono wake ulikuwa wa taratibu, kama wa mganga.

"Moyo yako nakimbia sana," akasema. "Mtu bila kosa, moyo yake nalala. Kaa hapa. Ikilala, utasema ukweli, na utakwenda."

Nikakaa chini ya ukuta. Nikauambia moyo ulale. Jaribuni siku moja kuuambia moyo ulale na bunduki iko mbele yako na ndugu yako anakufa pembeni. Zamani, gunia likishuka, nilikuwa namaliza kikombe kimoja cha maji na pumzi imerudi. Sasa kila baada ya muda yule askari anarudi, anatia kiganja, anasema, "Bado." Anaondoka. Anarudi. "Bado, mzee." Mara moja akaniletea maji kwenye kofia yake. Nikanywa, nikapaliwa, moyo ukaanza upya.

Hapo ndipo Papa Kasereka alipotokea kona ya chini na watu wake wanne na kipoyi chao, wanapanda polepole, wanasimama kila hatua chache, wanabadilishana mabega. Walikuwa wameanza nyuma yetu sana. Hawakuwa wanahema.

Akavua kofia mbele ya askari, akasema nao maneno ya kuwachekesha, siwezi kuyarudia. Wakamruhusu amchukue Rajabu.

"Na huyu muzee?"

"Huyu nabaki. Moyo yake bado."

Rajabu aliposhikwa miguu na mabega akanigeukia. "Kaka, unakuja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti ilikuwa bado haijarudi. Wakamwinua, wakaondoka naye mpaka sikuwaona.

Mlimani mpaka hospitali

Waliniachilia moyo ulipolala, jua linazama. Kilichobaki cha mlima nilikipanda kwa kusimama kila hatua kumi, nikishika ukuta, baiskeli nimeiacha kwa askari. Hakuna aliyenikataza kusimama. Hakuna gunia lililorudi nyuma.

Zaituni alikuwa amekaa sakafuni nje ya wodi. Akaniambia yote bila kuinua uso. Walifika kwa wakati. Daktari alikuwepo, vyombo vimechemshwa. Rajabu akawauliza, kaka yangu yuko wapi? Wakamwambia anakuja. Akasema basi tunamngoja. Daktari akamwelezea, sista akamwelezea, Papa Kasereka, Mkristo, akapiga magoti akamwambia mimi nitaweka mkono kwa niaba yake. Rajabu akamshukuru, akasema hapana. Daktari aliongeza muda wake, akangoja mpaka giza lilipokaribia kumfungia njia, akaondoka amekasirika.

"Alikuwa anaangalia mlango tu, shemeji," Zaituni akasema. "Kila mtu akipita."

Nikaingia, nikamwekea mkono kichwani. Palikuwa pa moto. Akalala.

Daktari alirudi asubuhi mapema, akamkata, mkono wangu ukiwa pale pale kichwani, desturi imetimia. Baadaye aliniambia utumbo ulikuwa umeshakufa, mweusi, kipande kirefu. Rajabu hakuamka. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinikuta kwenye benchi, akakaa. Nikamwuliza kitu kimoja tu, kwa nini pumzi ile. Nilikuwa sivuti sigara, sinywi, sijaugua kifua hata siku moja.

"Hewa inaingia vizuri, mzee," akasema. "Shida haiko mlangoni. Moyo wa mtu ukiombwa kukimbia una mwisho wake, na mwisho huo unashuka kila mwaka, hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo damu inayofika miguuni wakati wa kazi nzito inakuwa ndogo. Nyama ya miguu nayo imepungua, na iliyobaki haiwezi kuchukua hewa yote iliyoletwa na damu. Mbavu zimekauka kidogo, hata kuhema kwenyewe kunakula hewa. Ukikaa hujui. Ukitembea hujui. Mlima ndio unaokuambia."

"Na kama ningeendelea na kazi ya upagazi miaka yote hii?"

"Ungeshuka taratibu zaidi. Lakini ungeshuka."

"Basi nisingeweza kumfikisha."

Daktari yule alikuwa mkweli, Mungu amlipe au amsamehe, sijui lipi. "Ungeweza," akasema. "Ungesimama kila hatua hamsini ukapumzika, ungefika kabla ya saa kumi. Na usingekuwa unahema."

Akaniambia pole, akaingia kwa wagonjwa wengine.

Hospitali mpaka makaburini

Watu walitaka kumaliza mapema. Kundi la wanaume kumi na tano, hata likiwa na jeneza, lilikuwa linaangaliwa vibaya. Walimwosha haraka, wakamsalia haraka, wakaondoka naye upesi kama sunna inavyotaka, na mara hii hofu nayo ikawasukuma.

Nilitia bega mbele, upande wa kulia, pahali pa mkubwa. Nilikwenda labda hatua arobaini. Njia ilikuwa inapanda kidogo, si mlima, ninyi msingeuita mlima. Mtu akagusa mkono wangu taratibu, akasema, "Niachie, mzee," akaingia chini ya mti wa jeneza badala yangu. Hivyo ndivyo jeneza linavyobebwa, watu hupokezana, hakuna aliyenidharau. Lakini hawakupunguza mwendo. Nikawa mstari wa pili, halafu wa nyuma, halafu nikawa naona migongo, halafu naona vumbi. Papa Kasereka alibaki na mimi. Kila niliposimama naye alisimama, akajifanya anafunga kiatu.

Tulipofika walikuwa wanakung'uta majembe. Kaburi limejaa, limesawazishwa, shehe anatazama barabarani. Mtu mmoja wa Kisenyi, siijui hata sura yake, alikuwa ameacha rundo dogo la udongo pembeni, hakulitia.

"Tumekuwekea wewe, mzee," akasema. "Mafumba yako matatu. Sema, tuondoke."

Kila fumba la udongo lina maneno yake ya Kurani, mnayajua. Nimeyasema kwa mama, kwa mke wangu, kwa watoto wawili, kwa majirani nisiowapenda. Nikainama nikachota. Nikavuta hewa, ikaja ya kuishi tu, ya kusemea haikuja. Nikangoja. Watu wakangoja. Nikaona wawili wanatazama barabarani tena.

Nikatupa la kwanza kimya. Nikatupa la pili. La tatu nililishika muda mrefu zaidi, midomo inacheza, shehe akafikiri nasoma, akaitikia amina. Nikaliachia. Sikuwa nimesema kitu.